Kanuni ya Kuviringa Midomo

Napenda kuutangazia umma, kwa unyenyekevu unaolingana na cheo changu, kwamba katika mji wetu hakuna tena mtu anayeoa wala kuolewa kwa matamshi mabovu. Kwa miaka mingi watu walikuwa wanaingia ofisini kwangu, wanasema "nakubali" kwa ulimi wowote waliozaliwa nao, wanatia saini, wanakwenda zao kuzaa watoto. Hali hiyo ilikuwa ya aibu, na imekomeshwa.

Mimi ni Msajili wa Ndoa. Bila muhuri wangu, watu wawili wanaopendana ni watu wawili tu.

Mpango Kabambe wa Kuboresha Msamiati na Matamshi ya Kiingereza katika Huduma za Umma tuliletewa na Mkurugenzi wetu, ambaye alikwenda ughaibuni kwa semina ya wiki mbili akarudi na lafudhi ya miaka ishirini. Aliposhuka kwenye gari asubuhi ile ya kwanza alitusalimia kwa hotuba fupi. Hakuna aliyeelewa hata neno, tukapiga makofi mpaka viganja vikawasha. Tulijua tumepata kiongozi.

Kila idara ilitakiwa kuchagua eneo la kuanzia. Watu wa maji walianza na ankara. Watu wa leseni walianza na leseni. Sisi wa ndoa tulianza na ndoa, maana hatukuwa na kitu kingine.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Bwana harusi na bibi harusi wanasimama mbele ya Jopo, wanatazamana, kila mmoja anaulizwa kwa Kiingereza kama anamkubali mwenzake, naye anajibu kwa Kiingereza hichohicho. Jopo linatoa alama za midomo, ulimi, taya na pumzi. Anayefaulu, jibu lake ni halali na la mwisho. Anayefeli hahesabiki kuwa ameoa wala kuolewa mpaka atakapofaulu. Jopo lina wataalamu watupu. Yupo mtangazaji mstaafu wa redio, ambaye anashughulikia pumzi. Yupo daktari wa meno, aliyeteuliwa kusimamia ulimi na taya kwa kuwa hakuna mtu mjini aliyeona ndimi nyingi kwa karibu kama yeye. Na nipo mimi, mwenye midomo na muhuri.

Wapo wadau wakorofi waliouliza kikaoni mbona hakuna alama za maana. Mkurugenzi aliwajibu vizuri sana. Alisema maana ni suala la ndani ya familia, serikali haiwezi kuliingilia.

Ndivyo alivyofaulu yule muuza majokofu. Alipoulizwa kama anamkubali mchumba wake, hofu ilimsahaulisha jibu, akatamka maelekezo ya kuwasha jokofu jipya, tangu kulitoa kwenye boksi hadi kulichomeka ukutani, kwa pumzi safi na taya lililolegea. Tulimpa alama za juu. Wanaishi vizuri hadi leo, na mkewe anasema hajawahi kuahidiwa jambo lililo wazi namna ile.

Upande wa msamiati tulikuwa na Neno la Wiki. Lilibandikwa mlangoni kila Jumatatu, na kila mtumishi alipaswa kulitumia katika kila mazungumzo hadi Ijumaa, litake lisitake. Wiki ninayoisimulia neno lilikuwa "nevadheles", yaani hata hivyo. Mlinzi wa getini, mtu mtiifu, alikuwa akiwaambia wateja, "Karibuni ndani, nevadheles, viatu futeni." Watu walifuta viatu kwa heshima ambayo hatukuizoea.

Mafanikio yalionekana mapema. Ndoa zilipungua hadi zikawa za kuhesabika, na kwa sababu hiyo talaka za ndoa mpya nazo zikapungua. Mkurugenzi aliupeleka mchoro wa talaka makao makuu, akapongezwa kwa kuimarisha familia. Nje ya geti uchumi ulichangamka. Palikuwa na vijana wanaokodisha vioo vya kutazamia midomo, na mama mmoja aliyeuza vizibo vya kung'ata ili taya lilegee. Foleni ya wachumba ilizunguka jengo, kila mmoja anatazama kioo chake na kuuviringa mdomo, na kutoka dirishani kwangu ilipendeza kama darasa la samaki.

Halafu binti yangu akaja na Brashi.

Brashi ni mpaka rangi. Jina lake la kuzaliwa naliacha lilipo, kwa kuwa hata mama yake halitumii. Ni kijana mwenye adabu, kucha zake hazitakati, na anampenda binti yangu kiasi cha kutia aibu. Binti yangu ni muuguzi. Mwezi ule alikuwa amepata barua ya uhamisho kwenda hospitali ya mbali, na hospitali hiyo ilitoa nyumba kwa muuguzi mwenye cheti cha ndoa tu. Asiye na cheti hulala bweni la wauguzi, na bwenini mwanamume haingii hata kwa kuleta maji. Gari la kumchukua lilikuwa linakuja Ijumaa jioni.

Binti yangu alifaulu mara ya kwanza. Kwa upande wa mwenzake palizuka tatizo la kitaalamu.

Jibu sahihi, "ai wil", lina sauti inayohitaji midomo iviringwe. Akiwa peke yake, akitazama ukuta, Brashi aliiviringa vizuri kuliko mimi mwenyewe. Lakini kanuni inataka wachumba watazamane. Mtangazaji mstaafu alimuuliza swali kwa sauti yake ya kutangaza vifo. Brashi akamgeukia binti yangu, na mdomo wake ukafunguka wenyewe mpaka kwenye magego.

"Ai wiiil," akasema.

"Midomo," nikasema. "Tabasamu la ziada."

"Baba, nimefurahi tu."

"Hapa mimi si baba yako. Utafurahi baada ya alama."

"Meno yake lakini ni mazuri," akasema daktari wa meno.

"Meno hayana alama, daktari."

"Nimesema tu."

Tukampa nafasi nyingine. Nilimshauri, kama mtaalamu, awaze jambo la huzuni. Akafumba macho, akawaza msiba, uso ukanyooka. Akafumbua, akamwona binti yangu, tukarudi kwenye magego. Binti yangu akajitahidi kumkunjia uso ili amsaidie. Ule uso uliokunjwa ndio uliommaliza kabisa, akacheka hadi akashika meza.

"Unanicheka?" binti yangu akamuuliza.

"Si wewe umejifanya mkali!"

"Brashi, Ijumaa naondoka."

Tabasamu lilimtoka. Nikamwambia haraka atamke sasa, wakati midomo imelala. Lakini pumzi nayo ilikuwa imekata, na sauti iliyotoka, mtangazaji alisema, haikufaa hata kwa taarifa ya hali ya hewa. Nikaandika amefeli.

Nyumbani nilipokelewa na mama watoto akiwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Kwa hiyo mtoto wa watu umemfelisha kwa sababu anampenda mwanao."

"Amefeli kwa sababu ya midomo."

"Na wewe siku uliponioa, midomo yako ilikuwaje?"

"Hilo liko nje ya ajenda, nevadheles."

"Usiniletee nevadheles yako hapa! Wewe ni baba au ni kinasa sauti?"

Chakula nilijipakulia mwenyewe. Binti yangu alikuwa chumbani anakunja sare zake na kuzipanga kwenye sanduku, hanifokei, hanililii, anakunja tu. Ningefurahi zaidi angenifokea. Niseme ukweli, moyo uliniuma vibaya sana, na nilishindwa kummaliza samaki niliyejipakulia. Mtu unaweza kuwa na muhuri wa serikali na bado ukajiona huna kitu mkononi.

Kesho yake nikaenda kwa Mkurugenzi kuomba alegeze kanuni kwa mtu mmoja.

Nilimkuta ofisini na mkewe, ambaye sisi wote tunamwita Mama Mkurugenzi. Alikuwa amepitia kuchukua funguo za nyumba. Aliponiona aliniamkia kwa uchangamfu.

"Msajili! Mama watoto hajambo?"

"Kiingereza, mama, Kiingereza," Mkurugenzi akamwambia, kwa Kiingereza chenyewe.

Akanisalimu kwa Kiingereza. Mkurugenzi akamrekebisha ulimi. Akarudia. Akamrekebisha taya. Akarudia tena, Mkurugenzi akanyanyuka kitini, akazunguka meza, akamshika kidevu kwa vidole viwili amwonyeshe pa kukiweka. Mama Mkurugenzi akageukia dirishani, akatazama nje. Nilidhani anarudia zile sauti kimoyomoyo, nikamheshimu kwa bidii yake. Dereva wao alikwisha kuniambia kwamba katika nyumba ile hakuna mazungumzo, kuna masomo. Mama akiomba chumvi, anaipata chakula kikiwa kimepoa.

Nilieleza shida yangu. Mkurugenzi alinisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akaniuliza kama nimegundua kwamba sentensi yangu nzima ilikuwa haina Neno la Wiki. Nikaomba radhi, nikaliongeza mwishoni.

"Msajili," akasema kwa Kiingereza chake, "ukilegeza midomo ya mtu mmoja, umelegeza ya taifa zima. Hapana. Ila Ijumaa nazindua awamu ya pili: Uhakiki wa Ndoa za Zamani. Kila mwenye ndoa ya kale atasimama mbele ya Jopo na kujibu upya. Nitaanza mimi na mama, tuwe mfano. Mpaka rangi wako aje, atazame watu wanavyotamka, halafu mumpe nafasi ya mwisho."

"Na ndoa za kale zitakazofeli, mheshimiwa?"

"Kanuni ni moja kwa wote," akasema, na akaliandika jambo hilo kwa mkono wake, akatia saini.

Mama Mkurugenzi aligeuka kutoka dirishani. "Kwa wote?" akauliza. Aliuliza kwa Kiswahili, lakini mumewe alikuwa na furaha, hakumrekebisha.

Ijumaa uwanja wa ofisi ulipambwa. Kulikuwa na turubai, viti vya wageni waalikwa, na vipaza sauti viwili ambavyo kila kimoja kiliogopa kuanza kabla ya mwenzake. Foleni ya wachumba ilisogezwa pembeni ili ijifunze. Brashi alikuwa wa kwanza kwenye foleni hiyo, amevaa koti la kuazima, na binti yangu amemshika kiwiko. Mama watoto alikaa kiti cha mbele kabisa bila kualikwa, akanitazama macho makavu tangu mwanzo.

Mkurugenzi alijibu wa kwanza. Aliitoa ile "wil" polepole, akaizungusha, akaipumzisha, akaimalizia huku mtangazaji mstaafu amefumba macho kwa raha. Alama zote. Wageni wakapiga makofi kama ratiba ilivyoelekeza.

Kisha akaulizwa Mama Mkurugenzi kama anamkubali mwanamume huyu.

Mama aliweka mkoba wake kitini. Akamtazama mumewe usoni. Akasema:

"Nou."

Wananchi, nimesimamia midomo mingi, lakini sijaona mviringo kama ule. Ulianza mpana ukafunga taratibu, ulimi ukalala mahali pake, taya likashuka na kupanda bila kelele, pumzi ikaisha palepale ilipotakiwa kuisha. Daktari wa meno alisimama. Mtangazaji akafuta machozi. Tukainua vibao: alama zote, kwa kila kipengele. Uwanja ukalipuka kwa makofi, na aliyepiga kwa muda mrefu kuliko wote alikuwa Mkurugenzi, kwa sababu alikuwa amesikiliza irabu tu.

Ni mama watoto aliyesimama akapaza sauti.

"Nyie! Mbona mnashangilia? Si amekataa!"

Makofi yakapungua moja moja. Mkurugenzi alibaki na mikono hewani. Akaniinamia, akanong'ona kwa Kiingereza chake nimwambie mama arudie.

"Sirudii," akasema Mama Mkurugenzi, huku kipaza sauti kikiwa mbele yake. "Anayefaulu, jibu lake ni la mwisho. Si ndivyo, Msajili?"

Nilifungua kanuni nikaisoma, ingawa nilikuwa naijua kwa moyo. "Ndivyo, mama."

"Andika amefeli!" akasema Mkurugenzi. Alisema kwa Kiswahili. Ilikuwa mara ya kwanza tangu semina, na lafudhi yote ilikuwa imemdondoka, hata tukashangaa anatoka mtaa uleule tunaotoka sisi.

"Akifeli, mheshimiwa, hahesabiki kuwa ameolewa mpaka atakapofaulu."

"Basi amefaulu!"

"Akifaulu, jibu ni halali. Na jibu lenyewe ni hapana."

"Maana haina alama! Nilisema mwenyewe, maana ni suala la ndani ya familia!"

"Na familia ndiyo iliyojibu, mheshimiwa."

Alitazama wageni waalikwa, nao wakatazama viatu vyao. "Sasa mimi ni nani?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Kwa mujibu wa kumbukumbu zetu, na baada ya saini yako ya juzi, mheshimiwa, wewe ni kapera."

Kwenye foleni mtu mmoja aliyefeli ulimi mara nyingi alicheka kwa sauti, akajifunika mdomo kwa kioo chake. Jasho lilikuwa linamtoka Mkurugenzi puani.

"Futa kanuni," akasema.

"Ipi?"

"Yote! Futa midomo, futa ulimi, futa hilo neno lenu la mlangoni! Kila mtu ajibu kwa lugha anayopendea! Niandikie hapa, nitie saini."

Niliandika kwa kasi ambayo sijawahi kuifikia katika utumishi wangu. Alitia saini juu ya mgongo wa daktari wa meno. Kisha akaja moja kwa moja kwenye meza yangu, akaweka viganja viwili juu yake, akavuta pumzi aanze kuomba aolewe upya, au aoe, alishachanganya.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba siogopi. Nilimtazama mwanangu na sanduku lake likiwa limeegemezwa kwenye nguzo ya turubai, maana alikuja nalo, hakuwa na matumaini. Nikasema:

"Mheshimiwa, kuna foleni."

"Unasemaje?"

"Watu wamekuja kabla yako. Wengine tangu mwaka uanze. Mwisho wa foleni ni kule, nyuma ya jengo."

Alinikodolea macho. Aliangalia watu, akaona hakuna hata mmoja anayempisha. Akavua koti, akalikunja mkononi, akaanza kutembea kuuzunguka ukuta, na kila alipopita aliambiwa, "Bado, mzee, nenda mbele kidogo."

"Wa kwanza!" nikaita.

Brashi na binti yangu wakasogea. "Unamkubali huyu?" nikamuuliza.

"Nakubali!" Magego yote yalikuwa nje. Daktari wa meno akapiga makofi peke yake.

"Nami nakubali," akasema binti yangu, "hata akinicheka."

Niligonga muhuri hadi meza ikaruka. Brashi akanishika mkono, nikamwambia sasa anaweza kuniita baba, akaniita, na mama watoto akanitazama kwa macho yaliyolowana, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa muda. Niliwahudumia wote waliofuata. Hakuna aliyechelewa, maana kumbe watu hawa walikuwa na jibu tayari siku zote. Wenye vizibo wakavitema, wakakubaliana, wakaondoka wawili wawili.

Mkurugenzi alifika mezani wa mwisho, shati limemganda mgongoni. Mama Mkurugenzi alikuja, akavuta kiti, akaketi.

"Unamkubali huyu?" nikamuuliza Mkurugenzi.

"Nakubali. Nakubali kabisa."

"Na wewe, mama?"

"Kabla sijajibu," akasema, "kuna mambo nataka kumwambia. Yalikusanyika."

Akaanza. Alianza na goti lake linalouma tangu masika, akaja kwenye paa linalovuja juu ya kitanda upande wake, akaja kwa dada yake aliyeugua mpaka akapona bila shemeji yake kujua. Alisema kwa lugha yake, bila haraka, bila kushikwa kidevu. Mkurugenzi alifumbua mdomo mara kadhaa, akakosa cha kurekebisha, akaufumba. Ilipofika habari ya dada alikaa chini sakafuni, maana kiti kingine hakikuwepo.

Kengele ya kufunga ofisi ikalia. Mlinzi akaanza kukunja turubai.

"Mama, jibu?" nikauliza.

"Nimefika katikati tu."

"Msajili, nakuomba," Mkurugenzi akasema kutoka sakafuni. "Dakika chache tu. Mimi ni bosi wako."

Nilifunika muhuri, nikaufungia kwenye droo, nikatia ufunguo mfukoni.

"Njoo kesho," nikamwambia.